Mjukuu wa Palpatine

Desemba 2019 mtoto wa kaka yangu alipanda kutoka Dar kuja kula Krismasi. Badala ya kushuka Moshi akapitiliza hadi kwangu Arusha, akanikokota mpaka sinema ya Njiro kutazama filamu ya Star Wars: The Rise of Skywalker. Mimi si mshabiki, hata majina ya sayari hunichanganya. Mbili za mfululizo huo zilizotangulia, ya 2015 na ya 2017, nilizitazama nyumbani kwenye laptopu, tena kwa ajili ya mtu mmoja tu, Rey.

Nilimpendea kazi yake. Anaokota vyuma chakavu kwenye mabaki ya meli za vita jangwani, anakaa kuvisugua, anavipeleka kwa mnunuzi, na mnunuzi anamkatia posho kadiri atakavyo. Vijana wa kazi hiyo hupita kwangu Sakina kila asubuhi, viroba begani. Halafu kwenye ile ya 2017 adui yake, Kylo Ren, akamwambia kwamba wazazi wake walikuwa wachuuzi wa takataka, wakamuuza wapate pesa ya pombe. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Angalau shujaa mmoja asiye na mjomba serikalini!

Basi tumekaa na bisi zetu, maandishi ya mwanzo yanapanda, tunaambiwa wafu wanasema. Palpatine, mfalme mwovu aliyetupwa shimoni kwenye filamu ya 1983, karudi. Karudije? Mmoja wa wenzake Rey anasema karudi kwa namna fulani, safari inaendelea. Chewbacca, yule rafiki yao mwenye manyoya, akalipuka, nikaweka bisi chini. Kumbe yu hai, alikuwa kwenye chombo kingine. Roboti wao C-3PO akafutwa kumbukumbu, akawaaga rafiki zake, machozi yakanilenga. Baadaye roboti mwenzake, R2-D2, akamrudishia. Kuanzia hapo niligoma kuhuzunika. Aliyenigusa kweli ni Carrie Fisher, mwigizaji aliyefariki Desemba 2016 na kuingizwa humo kwa vipande vilivyobaki vya kazi ya nyuma.

Yote hayo ningeyameza. Ila ikafika zamu ya Rey, ikatamkwa kwamba ni mjukuu wa Palpatine. Kumbe nguvu zote zile ni za kurithi.

“Aisee, hii kali!” kijana akanipiga kiwiko. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Kesho yake ndani ya kosta tulibishana toka Usa River mpaka Boma Ng'ombe. Nilimkubalia lile pambano la Rey na Kylo Ren juu ya mabaki ya ngome ya angani, mawimbi yakiwapiga, kwamba lilikuwa tamu. Hakuridhika.

“Lakini shangazi, mwishoni si anaukataa ukoo wa babu yake? Anajiita Skywalker, jina la mwalimu wake.”

Kweli. Bibi mmoja anapita jangwani, anamuuliza yeye ni nani, anasema Rey. Bibi anauliza Rey yupi, ndipo anajibu Rey Skywalker.

“Kwani angesema Rey tu, bibi angemfanya nini?”

Akanunua ndizi dirishani, hakunijibu.

Kibosho tulifika bado tunanuniana. Baba yangu akataka kujua kulikoni, na kijana akaanza kumsimulia babu yake toka mwanzo: jangwa, msichana, vyuma chakavu. Hata hajafika kwenye mapanga ya mwanga, mzee akamkatiza.

“Huyo binti ni wa ukoo gani?”

“Umesikia, shangazi?” Kijana alicheka mpaka mbege ikamwagikia suruali mpya ya Krismasi.