Nilivyomtengenezea mwanangu stendi ya kuchorea kwa mbao mbili tu za futi 12

Stendi za kuchorea nilizoziona madukani hapa Dar ni za aina mbili, kuna zile ndefu za watu wazima na kuna za plastiki ambazo mtoto akiegemea tu zinaanguka naye. Binti yangu ana miaka mitano, anachora mno, na mimi nilitaka asimame achore kwa mkono mzima kuanzia begani, sio kujikunja sakafuni na karatasi ndogo. Nikaona bora nitengeneze mwenyewe kwa kipimo chake.

Nilianzia kwenye mbao. Nilienda kuchukua paini ya inchi 2 kwa 1, muuzaji akaniambia dada chukua hii yenye dawa, mchwa hawaigusi. Nikamwambia hapana kaka, hii ni ya mtoto. Hapo naomba wazazi wenzangu muwe makini jamani, ile mbao ya kijanikijani inayoezekewa mapaa mara nyingi dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki, ni nzuri sana huko juu ya paa ila sio kitu cha mtoto kushikashika kutwa nzima na mikono anaweka mdomoni, halafu ukiipiga msasa lile vumbi unalivuta wewe. Chukua mbao kavu isiyo na dawa, ichungulie kwa urefu kama imenyooka, na zile zenye mafundo mengi achana nazo.

Sasa hesabu yake ndo niliipenda. Mbao moja ya futi 12 inatoa vipande vitatu vya futi 4 kasoro kidogo, maana msumeno nao unakula. Kwahiyo mbao mbili zinakupa vipande sita, vinne ndo miguu, viwili vilivyobaki unavikata katikati unapata vya kukingama vinne, viwili mbele viwili nyuma, imeisha hiyo. Kila jozi ya miguu unaiunga na vyake viwili, kimoja juu kabisa na kingine chini, gundi ya mbao pamoja na skrubu, ila toboa kwanza kwa drili kijitundu chembamba kuliko skrubu maana paini ukiilazimisha mwishoni mwa mbao inapasuka. Drili niliazima kwa jirani. Juu nikaunganisha fremu zote mbili kwa bawaba za inchi 3, zikawa zinafunguka na kukunjwa, zinakaa nyuma ya mlango.

Jambo la kutofanyia mchezo ni kamba. Bila kamba miguu inateleza inaachana na stendi yote inamdondokea mtoto. Nilifunga kamba ya katani pande zote mbili, kulia na kushoto, kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, stendi ikifunguka miguu inaachana futi 2 hivi chini. Na kwa sababu kwetu ni vigae, chini ya kila mguu nikagundisha kipande cha ndala chakavu, haitembei kabisa. Mtoto nae afundishwe kuwa kufungua na kukunja ni kazi ya mkubwa, pale kwenye bawaba vidole vinabanwa.

Ubao wenyewe ni hadibodi, ule ubao mwembamba mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya futi 2 kwa 2, niliuziwa kipande sikununua shiti zima. Nilichagua hadibodi makusudi kwa sababu mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake hapahapa Dar mwaka 1968 alikuwa anachora kwenye hadibodi za mraba, na nilishampeleka binti Oysterbay akawaona wachoraji wa Tingatinga wanavyofanya kazi, akarudi nyumbani anachora chui tu. Uso mmoja niliupaka rangi nyeusi ya ubao wa shule kwa ajili ya chaki, mwingine nikaupaka nyeupe, karatasi anabana na vibanio vya nguo. Paka pande zote na kingo pia, hadibodi ikinywa maji inavimba. Rangi iwe ile iliyoandikwa haina madini ya risasi.

Msasa nilianza namba 80, nikaja 120, nikamalizia 220, na kila kona nikaizungushia mpaka nikipitisha kiganja sisikii kitu. Hii ndo kazi iliyonichosha kuliko zote lakini usiiruke, kijiti kimoja cha mbao kikimwingia mtoto kidoleni hataitaka tena hiyo stendi.

Kuhusu urefu, ubao sikuupigia skrubu moja kwa moja. Nilitoboa matundu kwenye miguu ya mbele kila baada ya inchi 3, ubao unashikwa na bolti zenye nati za masikio zinazokazwa kwa mkono, nikipima naweka katikati ya ubao ilingane na macho yake akiwa amesimama. Akirefuka naupandisha tundu moja. Kitreya cha rangi kimeungwa kwenye ubao wenyewe kwa chini, kwahiyo kinapanda nao, na kina ukingo mbele ili vikopo visidondoke. Mdogo wake ameanza kusimama sasa, nae anataka, kwahiyo upande wa nyuma nautobolea matundu ya chini zaidi wachore wote wawili.