Natozwa redio nisiyokuwa nayo

Euro 55 na senti 8. Hiyo ndiyo barua iliyonikaribisha Leipzig, hata duka la mchele sijalijua liko wapi. Natakiwa nilipie redio na televisheni, miezi mitatu kwa mkupuo, na chumbani kwangu kuna godoro, meza ya kusomea na birika la umeme, basi. Walioko nyumbani pigeni hesabu wenyewe, fedha hiyo ukiingia nayo soko la Darajani unatoka na nini.

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Ukifika Ujerumani una wiki mbili tu za kwenda kuandikisha anwani yako manispaa baada ya kuhamia. Ukishaandikishwa, jina lako linapelekwa kwa wanaokusanya Rundfunkbeitrag, ndiyo hiyo ada ya redio na televisheni, nao wanakuandikia bila ya kuwaomba. Ada ni euro 18.36 kwa mwezi, na tangu 2013 hawaangalii una redio au huna, wanahesabu kwa nyumba. Uwe na televisheni nne, usiwe na hata moja, nyumba ni nyumba. Ukinyamaza, deni linapanda na nyongeza juu yake. Mgeni aliyekuja kusoma lugha anapelekewa karatasi kama ile kwa Kijerumani cha kisheria, sentensi moja mistari minne, kitenzi kimekaa mwisho kabisa, naye darasani bado anafundishwa kuagiza kahawa na kutaja rangi za nguo.

Skuli niliuliza. Niliambiwa hayo si mambo yao. Nimelipa ada yao yote kabla ya kuomba viza, tena taslimu ya mzee wangu, na jibu ndilo hilo.

Aliyenisaidia ni bibi wa ghorofa ya chini, mtu niliyekuwa nikimkwepa. Huyu hufunua mapipa ya taka akakagua nani katia nini, la karatasi, la plastiki, la mabaki ya chakula, na akikukuta ngazini utasomewa. Siku ile alinikuta penye masanduku ya barua nimesimama na ile karatasi. Aliichukua, akavaa miwani, akauliza tunaishi wangapi juu. Watatu. Na nani analipa? Mmoja wetu alikuwa akilipa siku nyingi. Basi akaniingiza kwake, akanikalisha jikoni, akaandika jibu kwa mkono wake: jina langu, anwani, namba ya malipo ya mwenzangu. Kwa sababu nyumba moja hulipa mara moja, hata mkiishi kumi. Mimi nilitia saini tu. Stempu katoa yeye, na nilipotoa pochi alinikatalia kwa ukali uleule wa mapipa.

Tunakaa Grünau, magharibi ya mji, kwenye majumba ya saruji yaliyoanza kujengwa 1976, enzi za Ujerumani Mashariki. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Siku ya kwanza nilipoteremka kwenye tramu niliona Michenzani mbele yangu, ukuta mrefu, madirisha kwa safu, nguo zimeanikwa roshani. Nikamwonyesha yule bibi picha kwenye simu, nikamwambia hawa waliotusaidia kujenga Kikwajuni na Michenzani baada ya Mapinduzi ni serikali yenu. Maisha yake yote kakaa mji huu na hakuwahi kulisikia. Aliikuza picha kwa vidole, akahesabu ghorofa moja moja, akauliza kama maji yanafika juu. Nilimjibu kweli, kwamba ndoo zinapanda ngazi. Niliona fahari kukaa jikoni kwa Mjerumani nikamfundisha mimi historia ya nchi yake.

Sasa nyinyi mnaoniandikia kila siku mnataka kuja. Mawakala wanaosema miezi mitatu mtakuwa mnazungumza wanakuleni fedha zenu. Kozi ya serikali kwa wahamiaji, mpaka mtu afike B1, yaani kiwango cha tatu cha lugha baada ya A1 na A2, ina vipindi 600 vya lugha, kila kimoja dakika 45. Na vyuo vikuu vingi B1 hawaitaki, wanataka mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo, DSH-2, au TestDaF yenye alama ya nne kila sehemu. Mwenye uwezo amalize A2, au hata B1, Goethe-Institut ya Dar, kituo cha Wajerumani cha kufundisha lugha yao, alale kwa ndugu, ale wali wa kwao. Kila kiwango utakachokisomea huku unalipa na kodi ya chumba juu yake, na mwenye nyumba anaruhusiwa kukudai dhamana mpaka kodi ya miezi mitatu. Tena hapa Saxony, jimbo la Leipzig, watu wanailainisha lugha yao, p inasikika b, k inasikika g. Mwalimu unamwelewa, muuza mikate humwelewi.

Mkipata chumba cha kushirikiana, kabla ya kupokea ufunguo ulizeni nani analipa Rundfunkbeitrag, muandike namba yake ya malipo siku hiyohiyo. Na wakala akisema ada zote zimo ndani ya bei yake, mwambieni aziandike moja moja kwenye karatasi, atie na saini.