Naitwa Mtumwa, na hawakukosea kuandika

Wiki iliyopita nilikuwa dirishani nasubiri karatasi yangu. Kijana wa ndani akafungua mdomo aniite, akasita, akaitizama tena fomu, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayekusitiri nguo imechanika: "Mama, hapa kwenye jina hawakukosea?"

Hawakukosea. Naitwa Mtumwa tangu siku ya saba ya maisha yangu.

Mama alizika wawili kabla yangu. Wa kwanza hakumaliza wiki, wa pili alishaanza kucheka. Wote walikuwa na majina mazuri. Nilipokuja mimi, bibi mzaa mama akasema safari hii hatujitangazi. Akanipaka doa la wanja kwenye paji la uso, kubwa, la ovyo, na akanichagulia jina ambalo hasidi akilisikia hana cha kutamani. Nani atamwonea kijicho mtumwa? Ndiyo hesabu yenyewe: mtoto adhaniwe si kitu, mauti yampite. Majina ya namna hii yapo mengine hapa Unguja na mwambao wote, kina Chakupewa na Sikudhani, ila hayo angalau yana haya. Langu halina.

Skuli, mwalimu mmoja wa Kiswahili alijaribu kunifariji. Akaniambia neno limetoka kwenye "tuma", kwa hiyo mtumwa ni aliyetumwa tu, na "mtume" nalo limezaliwa na kitenzi hicho hicho. Kisarufi ni kweli tupu. Lakini uwanjani hakuna aliyenifukuza akiita "Mtumwa, lete maji!" huku anawaza vitenzi, na bibi yangu hakuwaza vitenzi pia. Alitaka jina baya. Ukilipamba halikingi kitu.

Mwenzangu maarufu kuliko wote ni Siti binti Saad. Ndiyo, yule wa taarabu. Alizaliwa Fumba, miaka ya 1880 hivi, akaitwa Mtumwa. Soko la watumwa hapa mjini lilikuwa limeshafungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi 1897. Maana yake msichana yule alipokuwa akitembeza vyungu vya mama yake vya kuuza, njiani alipishana na watu ambao kwao jina lake lilikuwa hali, si jina. Hilo hunikaa moyoni kuliko habari zote za umaarufu wake. Baadaye mjini akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima, na ni Siti aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na ni Siti ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mtumwa alibaki Fumba. Simlaumu. Ningekuwa na sauti ile, nami ningejibadilisha.

Darasani tulikuwa wawili wenye jina hili, na mwenzangu alikuwa mvulana, maana halichagui mume wala mke. Leo sijamkuta mtoto hata mmoja anayeitwa hivyo. Wazazi wanatafuta majina kwenye simu, wanataka la Kiarabu lenye maana ya nuru au ukarimu. Na pia, alhamdulillahi, watoto hawazikwi kama zamani. Nadhani hilo ndilo lililoliua jina langu, zaidi ya aibu.

Mwezi uliopita mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike, baada ya mimba mbili kuharibika. Mama, mzee sasa, akamdokezea: na huyu tumpe jina la dada yako. Mdogo wangu akaruka. "Mama, huyu atakwenda skuli!" Sote tukacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechomwa kidogo, sitaficha. Kadi ya kliniki imeandikwa Ikram.

Juzi usiku nipo jikoni nakoroga uji wa mzazi, pilipili manga inanipanda puani. Mtoto akaanza kulia chumbani. Mdogo wangu alikuwa anaoga, kwa hiyo aliyembeba ni mama. Nikamsikia anamnong'oneza, taratibu, mdomo karibu na sikio lake: "Nyamaza, Mtumwa. Nyamaza, Mtumwa wangu."

Sikuwahi kufikiri. Mwiko mkononi, nimeshaitika: "Abee!"