Mwasumini Kabla ya Mvua

Leo nimeupogoa mwasumini ulioota kando ya dirisha la jikoni, hapa Mikindani, na nimeukata hadi ukabaki nusu ya kimo chake. Wapo wanaouonea huruma, kwa sababu ni kichaka kisichopukutisha majani mwaka mzima, na mwezi huu wa Oktoba, ambapo nyasi zote zimekauka, huo ndio kijani pekee kilichobaki uani. Lakini asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi kongwe, hata likishiba majani namna gani, kazi yake ni kivuli. Nikiukata sasa, mvua za Desemba zitaukuta umekwisha kuchipua.

Kinachonisumbua zaidi ni udongo. Ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na ina chokaa nyingi, kiasi kwamba mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mtu asiyejua huzidisha maji, jambo ambalo halitibu kitu. Mimi huchimba shimo pana, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na majani yaliyovunda, kisha nikafunika shina kwa makumbi ya nazi ili unyevu usikimbie. Rangi hurudi polepole, na inataka samadi tena kila mwaka.

Yote haya nayafanya kwa ajili ya saa moja tu ya alasiri. Vitumba vilivyokomaa huwa vimevimba, vyeupe pe, na bado vimefumba. Hivyo ndivyo vya kuchuma, kwa kuwa giza likiingia vitafunguka vyenyewe na kutoa harufu yote, na kesho yake vitakuwa vimeanza kugeuka rangi ya waridi iliyofifia. Huvifunga kwenye kitambaa kibichi mpaka mwenye kutunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake, aje, naye huvichanganya na majani ya rehani na maua ya mkadi. Sijaona ua la dukani linaloweza kukaa mahali pake kwenye nywele za bibi harusi.

Asumini huzaa mbegu kwa nadra mno, kwa hiyo mti huu ulioanzia Asia ya Kusini umevuka bahari kwa vipandikizi, kutoka mkono hadi mkono, ukafika kwetu na ukafika Ufilipino, ambako tangu mwaka 1934 ni ua la taifa. Nami nimelilaza tawi moja la chini, nikalikwaruza gome kidogo upande wa udongo na kulikandamiza kwa jiwe. Likishika mizizi nitalitenga na mama yake na kulipanda nyuma ya nyumba, ambako upepo wa kusi wenye chumvi haufiki, lakini jua la asubuhi linafika.