Kwa nini ninakiamini kioo kwenye njia kuu za umeme

Wapo wanaosema kwamba vikombe vya kioo, yaani vihami vinavyoning'iniza waya kwenye mnara na kuzuia umeme usipite kwenda kwenye mnara huo, havifai kwa njia za umeme wa msongo (volti) mkubwa kwa sababu kioo huvunjika. Mimi naona kwamba namna kioo kinavyovunjika ndiyo sababu kubwa ya kukichagua.

Kikombe cha kuning'iniza kina kofia ya chuma juu, sahani ya kioo ambayo mara nyingi huwa na upana wa milimita 255, na pini ya chuma chini, vyote vikiwa vimeshikamanishwa kwa saruji. Sahani hiyo haiachwi ipoe polepole kiwandani: ingali na joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, hupulizwa hewa baridi, uso ukakaza kwanza, kisha sehemu ya ndani, ambayo huendelea kusinyaa kadiri inavyopoa, huuvuta uso huo na kuubana kwa nguvu nyingi. Ufa hauanzi kwa urahisi mahali palipobanwa hivyo. Ukipenya hadi ndani, hata hivyo, sahani nzima husambaratika papo hapo na kuwa punje, kama kioo cha mlango wa gari.

Kinachobaki ndicho muhimu. Punje zilizo ndani ya kofia hazina pa kwenda. Zimekazwa kati ya chuma na saruji, kwa hiyo huendelea kubeba sehemu kubwa ya uzito na waya haudondoki. Vikombe huunganishwa kimoja chini ya kingine kama mnyororo, kwa hiyo vile vingine huendelea kuhimili msongo, na mkaguzi anayepita chini huliona pengo kwa macho yake, akapanga siku ya matengenezo. Kauri, ambayo pia hutengenezewa vikombe hivi, haina hisani hiyo. Inaweza kutoboka ndani ya kofia huku nje ikionekana nzima kabisa, na hitilafu kubwa ikitokea mkondo hupita humo ndani, kofia ikapasuka na waya ukaanguka. Tena kauri hutanuka kwa joto takribani nusu tu ya chuma, ilhali kioo hutanuka kwa kiwango kinachokaribia kile cha chuma na saruji, hivyo jua la mchana na baridi ya usiku havikisumbui sana kiungo chake.

Udhaifu upo. Kioo huvutia mawe ya watoto na risasi za wahuni, na uso wake hupenda maji. Chumvi ya bahari ikiwa kavu juu ya sahani haina madhara makubwa. Taabu huanza alfajiri, umande unapoilowesha na kuigeuza utando unaopitisha umeme, kabla mvua kubwa haijaja kuiosha. Ndiyo maana upande wa chini wa sahani una matuta ya mviringo, yanayorefusha njia ambayo mkondo unaovuja unapaswa kuipita, na katika maeneo ya chumvi nyingi hutumika sahani zenye matuta marefu zaidi au zilizopakwa silikoni.

Kwa njia zinazopita karibu na bahari, kama zile za Mombasa au Tanga, ningependa wanunuzi wasiishie kuuliza kikombe kinahimili mvuto wa kilonewtoni (kipimo cha nguvu) 70 au 120. Waulize pia urefu wa njia hiyo ya mkondo, na kama pini ina pete ya zinki pale inapotoka kwenye saruji, kwa kuwa hapo ndipo kutu huanza kula chuma.