Gogo la Mtende

Ramadhani ya mwaka 1994 iliangukia Februari, mwezi ambao joto la Dar es Salaam halikuachii hata ukilala nje. Nilikuwa na miaka 9. Tulikaa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na mnazi mmoja uani. Siku ninayoisimulia nilitoroka chuo cha Qur'ani.

Niliaga baada ya alasiri, kofia kichwani, juzuu kwenye mfuko wa plastiki. Nilipofika kona nikakata njia ya Jangwani kutazama mpira. Sababu ilikuwa Lam yakun. Ni sura ya 98 na ina aya 8 tu, lakini mtoto anayetoka kwenye zile sura fupi za mwisho anaiona kama mlima, na ustadhi wetu alikuwa na bakora. Jana yake ilinishukia mgongoni mara tatu kwa neno moja nililoliruka. Kumchukia ustadhi ni jambo dogo. Nilikuwa nimeanza kukiogopa na kitabu chenyewe, na hilo likinijia akilini hata leo linanitisha.

Kuna jirani aliniona Jangwani, habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa anakuna nazi ya futari. Hakuinua hata kichwa. "Baba yako akitoka tarawehe mtazungumza." Nikafuturu uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi na tende, vyote vikipita kooni bila ladha. Kisha umeme ukakatika.

Bibi mzaa baba alikuwa ametandika mkeka uani, mbali kidogo na mnazi nazi isije ikatuangukia, kibatari kando yake.

"Mume wangu, njoo hapa."

Wajukuu wote wa kiume alituita hivyo. Nikakaa ukingoni mwa mkeka. Akasema nisogee, nikasogea. Akanipitishia mkono mgongoni, na pale ulipopita kwenye alama nikajikunja. Hakuuliza kitu. Mkono ukabaki palepale.

Hadithi za sungura na fisi bibi alizianza kwa "Paukwa", nasi tukaitikia "Pakawa". Usiku ule alisema, "Mswalieni Mtume." Binamu zangu waliokuwa wamejilaza wakainuka wakakaa vizuri. Za sungura ni ngano, hizi zimetokea. Hakuwahi kutuchanganyia, na hakuna aliyetukalisha kutufundisha tofauti. Tuliijua kwa namna alivyofungua kinywa.

"Msikiti wa Mtume kule Madina," akaanza, "nguzo zake zilikuwa magogo ya mitende, na paa lake makuti."

"Makuti kama ya banda letu?"

"Makuti ya mtende." Akaokota kokwa kwenye kisahani cha tende, akaniwekea kiganjani. "Mti wa hii."

Nikaifumbata ile kokwa. Lakini mtende sikuwa nimeuona hata siku moja, kwa hiyo nilichokiona Madina ni mnazi wetu.

Akaendelea. Ijumaa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akihutubia karibu na gogo moja, ameliegemea. Basi mwanamke mmoja wa Kianswari akamwambia, mimi nina kijana seremala, je, nikufanyizie kitu cha kukalia? Ikachongwa mimbari ya ngazi 3. Ijumaa ilipofika Mtume akalipita lile gogo, akapanda mimbari.

Bibi akanyamaza. Msikiti wa mtaani tarawehe ilikuwa inaendelea bila kipaza sauti. Kisomo hakikutufikia, ila "Amin" ya watu wengi, mara moja, halafu kimya.

"Basi gogo likalia."

"Likaliaje, bibi?"

"Kama mtoto. Msikiti mzima wakasikia. Mtume akashuka, akalikumbatia, nalo likawa linashikwa na kwikwi kama mtoto anayebembelezwa, mpaka likatulia. Akasema lilikuwa linalilia dhikri lililokuwa likiisikia."

"Hakulipiga?"

Mkono wake ukatulia mgongoni mwangu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

"Hakulipiga. Mume wangu, Anasi alikuwa kijana mdogo, akamtumikia Mtume miaka kumi. Hata 'ah' hakuambiwa."

Hapo nikalia mimi. Baba alirudi na kunikuta nimelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. "Mwache, yuko kwangu," bibi alisema, na baba, pamoja na hasira yake yote, akaitikia "Haya, mama", akaingia ndani.

Nilipokuwa mtu mzima nilikikuta kisa hicho katika Swahihi Bukhari, kile kitabu cha hadithi za Mtume, kwa mapokezi ya Jabir bin Abdillahi. Nilikisoma nikitafuta mahali bibi alipoongeza chumvi. Sikupaona. Hakujua kusoma herufi za Kirumi. Qur'ani alisoma, na visa alivibeba kichwani kutoka darsa za wanawake. Ninapowasikia wazazi wenzangu wakisema dini ya mtoto ni kazi ya ustadhi, wao hawana elimu hiyo, moyo unaniuma kweli. Ustadhi wangu aliijua tajwidi, zile kanuni za kuisoma Qur'ani, kuliko bibi, na mimi nilimkimbia.

Kuanzia hapo tukawa na mpango wetu: aya moja, kisa kimoja. Nilisikia habari za yule sisimizi aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao jeshi la Nabii Sulaiman lisije likawakanyaga, za Nabii Yunus tumboni mwa samaki, za ndovu wa Abraha aliyegoma kuikabili Makka. Usiku wa 8 nikaisoma Lam yakun yote bila kukwama. Asubuhi yake bibi akavaa buibui, akanirudisha chuo mwenyewe. Alichozungumza na ustadhi barazani sikukisikia. Nilimwona tu ustadhi ameinamisha kichwa, anamsikiliza.

Lakini nirudi kwenye usiku ule wa gogo, maana ulikuwa haujaisha. Baada ya daku nilitoka uani peke yangu nikaukumbatia mnazi. Gome lilikuwa linakwaruza, bado lina joto la jana. Nikaweka miguu kwenye zile pengo anazochonga mkwezi, nikabana sikio. Kulikuwa na mlio humo ndani, mdogo, wa makuti ya juu labda, unashuka na shina.

Bibi akatokea na kopo lake la udhu. Hakucheka.

"Umesikia nini?"

"Sijui, bibi."

Akaweka kopo chini, akazunguka upande wa pili wa mnazi, akasogeza mtandio na kutega sikio lake. Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka ikaadhiniwa.