Mana Haikushuka Imeiva

Tafakari ya wiki kwa akina mama
Masomo: Kutoka 16, Hesabu 11:4–9, Mithali 30:7–9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Sura ya 16 ya Kutoka husomwa kama habari ya muujiza, na wengi wakishafika pale mana inapoonekana juu ya nchi, umande ulipoinuka, hufunga Biblia. Mama mwenye nyumba asifunge hapo. Aende mpaka Hesabu 11:8, mstari unaopitwa mbio, aone kilichofuata kila asubuhi: watu walizunguka wakaikusanya, wakaisaga kwa mawe au kuitwanga vinuni, wakaitokosa nyunguni, wakaandaa mikate. Mungu aliwalisha jangwani miaka arobaini, lakini chakula hakikushuka kikiwa kimeiva. Kuna mtu aliyeamka kabla ya jua kukikusanya, kuna aliyetwanga, kuna aliyekaa na moshi. Kwa hiyo anayedhani ibada yake huanza akishamaliza kazi za jikoni amewaacha nje watu wengi sana wa Kutoka 16.

Amri waliyopewa ilikuwa ya kipimo: kila kichwa pishi moja, kwa hesabu ya watu wa hemani. Aguri naye, katika Mithali 30, anaomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe chakula kilicho kadiri yake. Na Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba kuwa radhi na hali aliyo nayo ni jambo alilojifunza. Tukubali basi kwamba kuridhika hufundishwa, na kwamba zoezi la kwanza katika sura hii ni kupima. Mama asiyejua nyumba yake inakula kiasi gani hawezi kujua kama imetosha au imepungua. Atabaki kuhisi tu, na hisia hizo huongozwa na alichokiona kwa jirani.

Tuanze na maji, kwa kuwa Mombasa maji ndiyo huvuruga siku kuliko unga. Maji matamu ya bomba yanatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, mengine visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mitaa mingi hayafiki kila siku. Nyumba ya watu watano isiyo na anasa hutumia takriban hivi kwa siku: lita 20 za maji matamu kwa kunywa na kupika, lita 10 za kuoga kwa kila mtu, lita 20 za vyombo na kupiga deki, na lita 30 hivi za choo. Hiyo ni mitungi sita ya lita 20. Ukiijua hesabu hii utaona kwamba mtungi mmoja tu ndio lazima uwe wa maji matamu. Mingine inaweza kuwa ya kisima, na ya choo yatoke kwenye beseni la kufulia. Wengi hununua mitungi yote sita kwa mwenye mkokoteni kwa bei ile ile, kisha hulalamika kuwa pesa hazikai.

Maji ya kisima yasiingie kwenye sufuria ya mbaazi wala ya maharagwe. Visima vyetu vingi vina chumvi na chokaa, na chokaa hukaza ganda la punje, ndiyo maana unachochea makaa saa mbili nzima na punje bado ngumu. Sabuni nayo haitoi povu, mama anaongeza sabuni, nguo zinabaki na ukungu mweupe. Ukilazimika kufulia maji hayo, suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata kama ni nusu ndoo.

Chakula kipimwe kwa kikombe kimoja kisichobadilishwa. Kikombe cha robo lita hubeba karibu gramu 150 za unga wa mahindi, au gramu 200 za mchele. Watu watano, wawili wakiwa wazima na watatu watoto, vikombe vinne na nusu vya unga huwatosha kwa ugali wa usiku, na pakiti ya kilo mbili huenda jioni tatu. Mchele, vikombe vitatu. Ukipima kwa macho siku ya mshahara utajaza sufuria, na tarehe 20 utapima kwa woga. Ukishapima, sema kiasi hicho mbele za Mungu: asante kwa vikombe hivi vitatu. Sala ya namna hii ni fupi na mtoto wa miaka minne anaielewa, kwa kuwa ameviona vikombe vikimiminwa.

Hapa kuna kosa moja la mafundisho linalowaumiza akina mama. Wapo wanaofundishwa kwamba kuishi kwa imani ya mana ni kununua kila kitu siku kwa siku. Lakini anayenunua mafuta ya kupima, sukari ya robo na makaa ya kopo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa wingi, na mtoto anatumwa dukani mara nne kwa siku, kila safari na senti za peremende. Mana ilikuwa na masharti yake kwa sababu, isipokuwa ile ya siku ya sita, haikuweza kuwekwa. Mchele unawekwa. Ukiweza, nunua mchele, maharagwe na mbaazi kwa mwezi kule sokoni Kongowea, hata kwa kuchangiana na wenzako wawili gunia moja, kisha pima kwa siku. Asiyeweza, kwa kuwa kipato cha nyumba ni kibarua cha kutwa, asihukumiwe na mtu. Aanze na kitu kimoja tu, labda chumvi na sabuni. Na daftari la deni dukani lisomwe kila Jumamosi pamoja na mwenye duka, maana deni lisilosomwa hukua bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Waisraeli wengine waliiweka mana mpaka asubuhi, ikaingia mabuu na kunuka. Musa aliwakasirikia. Kwa joto letu la pwani, hasa miezi ya kaskazi, hakuna anayehitaji kuelezwa jambo hilo. Tui la nazi lililokamuliwa mchana limeshachacha usiku. Wali uliolala nje ya friji usipewe watoto asubuhi, hata ukipashwa moto ukatoa mvuke, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoacha sumu ndani ya wali na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Wali uliobaki uliwe na mtu usiku ule ule au uwekwe kwenye baridi ndani ya saa moja.

Na pipa la maji. Maji yaliyokaa wazi huzaa viluwiluwi, na katika siku saba hadi kumi hao ni mbu. Mbu wa mapipa yetu ni yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, anayeleta dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imekwisha kuyaonja. Kumwaga maji hakutoshi: mayai yake hugandamana kwenye kuta za pipa juu kidogo ya maji, hustahimili ukavu, na hufufuka ukijaza tena. Sugua kuta kwa brashi ngumu mara moja kwa wiki, suuza, kisha jaza na ufunike kwa mfuniko unaobana au kitambaa kizito kilichofungwa kamba. Kwa mwenye hofu ya kukosa maji, kujaza mapipa manne na kuyasahau uani ni mtego. Mawili yanayozunguka yanatosha nyumba nyingi.

Aliyeokota vingi hakubakiwa na kitu, aliyeokota vichache hakupungukiwa. Paulo anauchukua mstari huo katika 2 Wakorintho 8 anapowahimiza watu kuchanga kwa ajili ya wenye haja, kana kwamba kipimo cha hemani na kapu la sadaka ni somo moja. Katika nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi mmoja wa pamoja, ziada ina njia ya karibu: mlango wa pili. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na sahani za futari hutufikia mwezi mzima wa Ramadhani bila kuulizwa dini. Sahani ya watu hairudi tupu. Anayepima huweza kupanga kikombe cha nne cha mchele siku moja kwa wiki kwa ajili ya mlango huo, na hakitamshtua mwisho wa mwezi kwa kuwa amekihesabu tangu mwanzo. Sadaka ya kanisani nayo itolewe kwenye hesabu hiyo hiyo, mwanzoni.

Sasa tusome kwa makini malalamiko mawili. Katika Kutoka 16 watu wana njaa kweli, wananung'unika, na jibu wanalopewa ni kware jioni na mana asubuhi. Katika Hesabu 11 mana ipo, wameshiba, nao wanalilia samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Hapo hasira ya Bwana inawaka. Walikumbuka mboga wakasahau matofali ya utumwani. Mambo haya mawili yasichanganywe, na huchanganywa sana makanisani, pale mama mwenye sufuria tupu anapoambiwa aridhike. Njaa isemwe. Asemwe mume anayeficha mshahara, kwa upole kwanza, kisha mbele ya mzee wa kanisa au mchungaji ikibidi. Jumuiya ijue ni nyumba gani haikuwasha jiko jana. Kumwambia mwenye njaa ajifunze kuridhika ni kumpa mzigo ambao Mungu mwenyewe hakuwapa Waisraeli jangwani Sini.

Tamaa ya matango ndiyo ya kuipigania. Siku hizi huja kupitia simu, saa nne usiku, katika picha za jikoni za watu ambao hata hatuwajui. Kuna dawa moja ndogo: simu isiingie jikoni kuanzia kuwasha jiko mpaka kuosha vyombo. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na samaki kupanda bei, usimlilie changu. Pika mchicha wa nazi, na usiuite chakula cha shida mbele ya watoto, kwa sababu watoto huonja maneno kabla ya mboga.

Imebaki siku ya sita. Siku hiyo waliokota pishi mbili kwa kila mtu, wakaambiwa waoke na kutokosa mapema, na kilichobaki hakikuoza. Kuna watu walitoka siku ya saba kutafuta, wakarudi mikono mitupu. Mama anayefika ibadani Jumapili amechoka, amechelewa, na amewagombeza watoto njia nzima, mara nyingi aliipoteza Jumamosi yake.

Jumamosi asubuhi fueni, sare za shule na nguo za kanisani kwanza, zikauke kabla ya mawingu ya alasiri. Baada ya chakula cha mchana kanda mahamri: unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha mezani, iliki kijiko cha chai iliyotwangwa, na tui la nazi la vuguvugu karibu nusu lita, ukilimimina kidogo kidogo. Kanda dakika kumi na tano mpaka donge lisishike mkono. Kwa joto letu litaumuka kwa saa moja au moja na nusu. Likiachwa alasiri nzima huwa chachu na mahamri hunuka hamira. Gawa madonge manane, yasukume yawe na unene wa nusu sentimita, kata kila moja vipande vinne, uache dakika ishirini chini ya kitambaa. Yasipofura kwenye karai, ama mafuta hayajapata moto, ama umesukuma kwa wembamba, ama uso wa donge umekauka kwa upepo. Utapata thelathini na mawili. Yapoe kabisa kwenye ungo ndipo uyafunike, kwa maana yakifungwa moto kwenye plastiki hutoa jasho na kuota ukungu.

Mbaazi nusu kilo ziloweke jioni kwa maji matamu, badilisha maji kabla ya kulala ili zisichache. Mwenye friji azichemshe usiku na kuziweka. Asiye nayo aziinjike alfajiri, kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, watoto wakioga. Tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, sufuria wazi na mwiko ukizunguka polepole, la sivyo tui hukatika. Viatu vipigwe rangi usiku. Sadaka ya kila mtoto iwekwe mfukoni mwa nguo yake usiku huo huo.

Wapo kati yetu wenye zamu Jumapili: hotelini Nyali na Bamburi, wodini, bandarini. Hao wachague siku ya mapumziko iliyo yao kwenye ratiba, labda Jumanne, na siku iliyotangulia iwe siku yao ya sita, pamoja na mahamri. Mwenzio akipumzika Jumanne, jumuiya isipange kikao cha mchango nyumbani kwake siku hiyo.

Kutoka 16 ina mistari 36. Jumatatu hadi Jumamosi, mistari sita kila siku, isomwe kwa sauti jiko likiwaka.